Sikukimbia uchi, bukta nilikuwa nayo

Naona mpiga drams wetu kashawahi kwenye grupu na stori yake ya "jamaa kapigwa shoti na gita katoka uchi mpaka bombani". Haya, ngojeni niwape yenyewe maana hata kukaa bado nakaa upande.

Ile DS-1 yangu mnaijua, pedo ya gita ya Boss ya rangi ya chungwa, ile ya kukwaruza sauti, sauti yake ilikuwa inanikera, kama nyuki kafungiwa kwenye kopo. Dawa yake wapiga gita wanaijua: unatoa zile dayodi mbili ndogo zinazokata mawimbi ya sauti, unaweka LED nyekundu mbili, vile vitaa vidogo, moja inaangalia huku nyingine kule. Dayodi ya kawaida inaanza kukata kwenye volti 0.6 hivi, LED inasubiri mpaka inakaribia 2, kwa hiyo pedo inapumua, na kelele inaongezeka. Hilo la kelele likumbukeni.

Usiku huo nikabadilisha, nikajaribu, aisee tamu! Nikaegemeza gita kwenye kiti, nyuzi nikazifunika taulo, ampu nikaiacha inawaka. Halafu nikaona mguu mmoja wa LED risasi yake ya kuchomelea imefubaa, haijashika vizuri, nikasema niuguse kidogo tu nilale.

Sasa chuma changu cha kuchomelea ni cha bei chee cha Kariakoo, stendi yake kiwaya kimekunjwa tu, na waya wa umeme mgumu, ukiuachia unajirudi wenyewe. Mimi niko kwenye stuli na bukta ya mpira, ile poliesta. Nainama kuchukua koleo. Waya unajirudi. Nakiona chuma kinageuka taratiiibu, kinabingirika, kinafika ukingoni mwa meza, ncha inaniangalia mimi, na wallahi muda wa ubongo kusema "panua miguu" ulikuwepo wa kutosha kabisa. Haukusema. Ulisema daka. Na mikono yote miwili iko kwenye koleo.

Nikadaka na mapaja.

(Mnaocheka nawaona. Hata nyie simu ikidondoka mnabana magoti.)

Kitu kina nyuzijoto mia tatu na zaidi. Na kilichonijia kwanza si maumivu, ni harufu, harufu ya plastiki, nikawaza kabisa, nani huyu anachoma taka saa hizi? Nageuka kuangalia dirishani. Nipo nachungulia dirishani, chuma kiko mapajani, halafu ndio moto ukatoboa bukta ukafika kwangu.

Sijui niliruka vipi. Mguu ukanasa waya wa gita, gita likaenda chini chali mbele ya ampu, taulo likabaki kwenye kiti, nyuzi zikaanza kuitikiana na ampu, na LED zangu zikafanya ile kazi niliyozinunulia. UUUUIIIIIIIII! Haikati. Mtaa mzima. Mimi nishafika bombani uani, nimekaa kwenye beseni la mtu, nguo zake za kufulia zimo humohumo.

Wapangaji wakatoka na tochi za simu, mmoja na panga kabisa. Nyuma yao mama mwenye nyumba, kajifunga kanga, ananimulika. Na mdomo wangu ukajiendea wenyewe:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndio unaoga na nguo saa hizi?"

Mpiga drams ndiye aliyezima ampu na kuchomoa chuma, hapo namshukuru, ila bukta ilikuwepo jamani, ina tundu tu, tena sehemu nyingine ilikuwa imeganda mwilini. Mama mmoja kaja na dawa ya meno nikakataa, nikaendelea na maji, asubuhi zahanati, muuguzi akauliza imekuwaje nikasema pasi. Jumapili nimepiga nimesimama kama golikipa. Pedo inalia vizuri ajabu.

Tatizo lililobaki ni umeme wa LUKU, maana tunachangia, na mama mwenye nyumba kashika kwamba kile chuma ndicho kinachomaliza uniti. Nimemwambia ni wati 60 tu, saa nzima hakifiki hata robo ya uniti. Kaniangalia miguuni, akasema, "Hicho kilichokutoa mbio hivyo? Utaongeza elfu tano."