Filamu Ile Ilistahili Kelele za Kibandani

Jumamosi iliyopita nilinyamazishwa ukumbini. Jumba la sinema lililo karibu na kwangu hapa Minneapolis lilikuwa linarudia kuonyesha filamu ya Everything Everywhere All at Once. Ilipofika pale Waymond, mume wa stelingi wa filamu, anapovua kibegi chake cha kiunoni na kukizungusha mpaka walinzi wa ofisi ya kodi wakalala chini mmoja baada ya mwingine, nikapaza sauti: "Wape! Wape hao!" Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akaweka kidole mdomoni. Tulikuwa watu kama arobaini mle ndani, na hakuna mwingine aliyetoa hata mguno. Nilinyamaza, lakini moyoni nilikataa, na mpaka leo ninakataa.

Filamu ile si ya kutazamwa kama mtihani wa darasa la saba. Mtu aliyekulia kwetu anajua ninachosema. Kibanda umiza, chumba cha bati cha kuonyeshea video, kimejaa, mabenchi yanalia, jenereta inanguruma nje, na Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu, anamtafsiria stelingi, yaani shujaa wa filamu, kwa maneno matamu kuliko aliyoyasema mwenyewe. Adui akinyemelea, kibanda kizima kinamwonya stelingi: "Nyuma yako!" Mle kibandani ndimo Michelle Yeoh, stelingi wa filamu ile niliyonyamazishwa, alimofahamika. Kwenye Police Story 3 ya mwaka 1992, akiwa na Jackie Chan, aliruka na pikipiki mpaka juu ya treni inayokwenda, na aliruka yeye mwenyewe. Sasa Machi 2023 alipotwaa Oscar ya mwigizaji bora wa kike, Mwasia wa kwanza kuipata, wenzangu kazini wakaniuliza mama huyu ametokea wapi. Ametokea wapi? Wavulana wa Chumbageni, Tanga, walikuwa wanaiga mateke yake wakati wengine hapa hata jina lake hawajalisikia.

Nimesema wavulana, na hapo ndipo nyumbani kunaponiuma. Mimi nilimwona Michelle Yeoh kupitia tundu la msumari kwenye bati, jicho moja, mpaka mama akanikuta na kunivuta sikio. Mtoto wa kike kibandani ni mhuni, basi, hakuna mjadala. Mle ndani mwanamke anawaangusha wanaume kumi, nao wanaomshangilia hawataki dada zao waingie hata kwa kiingilio kamili. Kaka yangu akirudi usiku ananisimulia filamu nzima, mateke na milio yake, na huyo ndiye aliyekuwa mtafsiri wangu. Hapa Marekani nilinunua tiketi, nikakaa kiti cha katikati, na hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Hilo siwezi kulidharau.

Najua kuna atakayeniambia, "Dada, umekula baridi miaka miwili mitatu, sasa unakuja kutufundisha kuishi." Kwanza ni miaka kumi na moja. Pili, tundu lile la bati ni langu, sikulisoma gazetini. Mwingine atasema kinyume, kwamba nakisifu kibanda kwa kuwa sikai tena kwenye joto lake. Kaka, mimi joto lile ndilo ninalolililia. Nataka vyote viwili, kelele za kule na kiti cha huku. Sioni kwa nini nichague.

Na kelele zenyewe zina sababu. Hadithi inaanza kwa Evelyn, anayechezwa na Michelle Yeoh, mama mhamiaji mwenye duka la kufulia nguo kwa mashine, anayesakamwa na ofisi ya kodi. Ghafla anaambiwa kuna malimwengu mengi sambamba na kwamba yeye ndiye wa kuyaokoa. Waongozaji wawili, Daniel Kwan na Daniel Scheinert, mwanzoni walimfikiria Jackie Chan, kisha wakaigeuza hadithi iwe ya mwanamke. Ingekuwa kwetu, nani angethubutu kumwondoa Jackie Chan? Ke Huy Quan, anayecheza Waymond, alizaliwa Saigon, akapita kambi ya wakimbizi, akawa maarufu utotoni mwaka 1984 kwenye filamu ya Indiana Jones. Kisha kazi zikamkauka kwa miaka mingi, akawa nyuma ya kamera akisaidia kupanga mapigano. Mtazame anavyobadilika kutoka mume mpole hadi mpiganaji bila kubadili nguo, kwa mabega na macho tu. Oscar yake ilikuwa halali kabisa. Ya Jamie Lee Curtis, anayecheza mkaguzi wa kodi, nayo naielewa, lakini ningempa Stephanie Hsu, anayecheza binti wa Evelyn. Walishindania tuzo hiyohiyo, na binti yule amebeba watu wawili, mtoto aliyechoka kutoeleweka na adui anayetaka kila kitu kiishe, na machozi yao ni yaleyale.

Kuna jambo moja linalonisumbua, nalisema ingawa linaniharibia hoja. Evelyn anaongea Kikantoni na baba yake, Kimandarini na mumewe, Kiingereza na binti yake, tena anavichanganya katikati ya sentensi. Hayo ndiyo maisha ya meza yangu ya chakula: Kisambaa cha mama kwenye simu, Kiswahili changu, Kiingereza cha wanangu. Mtafsiri wetu angezifunika sauti zote hizo kwa sauti yake moja, na nusu ya uigizaji wa Michelle Yeoh ingezikwa pale.

Lakini kuna pale Evelyn na binti yake wanapokuwa mawe mawili juu ya ukingo wa korongo. Hakuna sauti, ni maandishi tu. Kibandani wangepiga kelele kwamba mkanda umekatika, warudishiwe hela. Ndipo mtafsiri anashika kipaza sauti, anampa jiwe moja sauti ya mama, na jingine ya binti. Nina hakika kibanda kingenyamaza, na si kwa kunyamazishwa na mtu.

Jana nilimpigia kaka. Siku hizi ana runinga kubwa sebuleni, na binti zake wanakaa mbele kabisa. Nikamwambia aitafute, awatafsirie kama alivyonitafsiria mimi. Akauliza swali lake la miaka yote, "Stelingi anakufa?"

"Anaanguka katikati," nikamwambia, "na majina yanaanza kupita. Msiinuke."