Taa ya ABS itatumaliza!

Hivi hii taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, inataka nini hasa? Gari la zamani lakini injini safi, breki zinashika, ukiwasha tu hiyooo ya njano imekukodolea macho! Unampelekea fundi, hajafungua hata tairi, "badilisha sensa," ile ya kusoma spidi ya gurudumu. Sawa, sensa mpya inafungwa, unalipa, unatoka getini na taa hiyooo tena. Sasa tulikuwa tunatibu nini jamani?

Kuna na wale wa kuchomeka kimashine cha kusoma hitilafu cha bei chee halafu anakwambia gari haina hitilafu. Bosi, vingi vya hivyo vinasoma injini tu, ABS ina kompyuta yake! Na hata mashine ikitaja sensa ya nyuma kulia haimaanishi sensa ndo imekufa, inaweza kuwa waya umekatikia ndani kwa ndani pale unapojikunja kila ukipita shimo, au ringi ya meno inayosomwa na sensa imepasuka, au kutu, au beringi imelegea. Ni kazi gani kutembeza gari taratibu huku unaangalia spidi ya kila gurudumu kwenye mashine? Magurudumu matatu yanasoma 20, moja linasoma 0, si umeshajua pa kuanzia?

Ila wanaoniua kabisa ni wa kubandika tepu juu ya taa. Siku umekanyaga breki kwenye utelezi, tairi zimejifunga gari linaserereka lenyewe, utaiomba tepu ikusaidie?

Wenye magari ya kitambo mnanielewa. Fundi, pima kwanza, PIMA, ndo uniambie ninunue nini!