Ulikuwa umebeba nini?

Nilipompigia mama Jumapili kumwambia nimeendesha baiskeli kilomita 315, aliuliza kwanza kama gari langu limeharibika. Nikamjibu gari lipo, zima kabisa. "Sasa ulikuwa umebeba nini?" Sikubeba kitu, mama, chupa mbili za maji tu. "Na safari iliishia wapi?" Pale pale nilipoanzia. Akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa jirani akiwika kwenye simu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama huku nakula vizuri.

Safari yenyewe inaitwa Vätternrundan, yaani mzunguko wa ziwa Vättern, na Waswidi wanaifanya tangu 1966. Unaondoka Motala, unateremka kusini kwa upande wa mashariki wa ziwa kupitia Vadstena na Gränna, unageuza Jönköping, kisha unapandisha upande wa pili kwa Hjo na Karlsborg hadi unarudi Motala. Hakuna mshindi. Vättern ni ziwa la pili kwa ukubwa Uswidi na wenyewe wanalitaja kwa heshima zote. Mimi mtoto wa Kanda ya Ziwa nilikuwa nacheka kimoyomoyo, maana Victoria inalimeza zaidi ya mara 30. Kufika kilomita ya 200 nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Tulikuwa watatu: mimi, Mweritrea ninayefanya naye kazi ghalani, na jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswidi mwenye miaka 67 ambaye kila mlima alitusubiri juu akiwa ameshamaliza ndizi yake. Tuliondoka karibu saa nne usiku, lakini usiku wa Juni huku ni jina tu, mbingu haizimi kabisa. Saa tisa usiku tuko Jönköping tunakula viazi vya kuponda na vinyama vya mviringo, tumesimama kama watu wa msibani. Vituo vingine wanakupa uji mwepesi wa matunda, wa rangi ya zambarau iliyoiva, moto, pamoja na matango ya siki. Unaona kichekesho, ila ukishatoa jasho saa nane mfululizo tango la siki linakuwa na utamu wa ajabu.

Baada ya Hjo nikapata pancha. Jirani akatoa tyubu mpya mfukoni, atupe ya zamani na kuweka hiyo. Nikamwambia subiri. Nikajaza upepo, nikaipitisha tyubu polepole karibu na midomo hadi tundu likanipulizia, nikakwangua, nikapaka gundi, nikabandika kiraka na kukikandamiza kwa kidole gumba huku nikihesabu. Mwalimu akauliza nimejifunzia chuo gani. Nimejifunzia Shinyanga, kwa mjomba, siku ambazo hapakuwa na beseni la maji karibu.

Mjomba alikuwa akileta mkaa mjini kwa baiskeli ya Phoenix, magunia mawili kwenye keria, yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na maua ya plastiki kwenye usukani. Kila wiki, miaka na miaka. Kwa kroni nilizolipa kuingia Vätternrundan angenunua baiskeli mpya na chenji ikabaki. Na niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia: nilipopata nafasi sekondari ya mjini, akanipakia nyuma na sanduku langu, nilimwomba anishushe kwenye kona kabla ya geti. Nilisema nataka kunyoosha miguu. Nadhani alielewa.

Aibu ile siku hizi inaniudhi. Kwetu mtu wa baiskeli ni mtu ambaye mambo yake hayajakaa sawa, na akipata pikipiki anapongezwa kama aliyepona ugonjwa. Watu wanasema ni umaskini, tukitajirika tutaiheshimu kama Wazungu. Mweritrea wangu hataki kusikia hilo. Asmara, anasema, mwendesha baiskeli ni mtu wa kushangiliwa, na wao si matajiri kutuzidi. Mwaka 2024 Mweritrea mwenzake Biniam Girmay aliposhinda hatua tatu za Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na kuvaa jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi hadi mwisho, Nice, huyu bwana alilia ghalani katikati ya maboksi. Halafu Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Kigali si Ulaya, jamani.

Nyumbani tuna msafara wa Twende Butiama, kutoka Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere. Natamani niende, sina neno baya. Lakini msafara mkubwa kama ule una watu wa kuutazama. Mbeba mkaa anapita barabara hiyo hiyo Jumanne ya kawaida, na basi linampigia honi kutoka mbali. Sote tunajua maana yake: shuka kwenye changarawe. Mjomba mara moja hakushuka kwa wakati. Upepo wa basi ulimwangusha na magunia yake, akavunjika mkono, na swali aliloulizwa na wakubwa ni kwa nini baiskeli yake haina kengele. Kwa hiyo nikisikia wenzangu wa ughaibuni wanapanga kupeleka nyumbani tamasha la baiskeli la kuvutia watalii, nasema tuanze na mita moja ya lami pembeni, iliyotenganishwa, kwa ajili ya wanaoendesha kila siku.

Huku nako wana lao. Kwa muda wa saa mbili nilikaa nyuma ya gurudumu la mtu mmoja, ananikinga upepo. Karlsborg nikamshukuru, nikamuuliza anatokea wapi. "Västerås," akasema, akafunga kofia, akaondoka. Wabeba mkaa wa mjomba wangekuwa wameshajua majina ya watoto wangu, na mmoja akipata pancha, wote wanakaa chini.

Tulimaliza saa nane mchana. Nikamtumia mjomba picha nikiwa na medali, baiskeli pembeni. Akaikuza, akapiga simu.

"Keria iko wapi?"

"Haina, mjomba. Zinatengenezwa hivyo."

"Na ukikuta mgonjwa njiani?"

Nilikosa la kusema. Akaendelea kwamba tairi za inchi 28 zinazouzwa kule sasa hivi hazimalizi miezi mitatu, niulizie za huku. Nimeulizia. Zipo, na kuna jamaa anasafiri mwezi ujao.