Ghorofa Letu Halina Mahali pa Msiba

Mwaka jana alifariki mzee mmoja katika jengo tunalokaa, hapa Kariakoo. Alikuwa ghorofa ya sita. Alifia kitandani kwake, alfajiri, watoto wake wakiwa pembeni, kifo ambacho wengi tunakiomba. Lakini ilipofika saa mbili asubuhi hatukuwa tunazungumzia kifo tena. Tulikuwa tunazungumzia lifti.

Lifti yetu inabeba watu sita waliobanana, au friji moja na mtu wa kulishika. Jeneza haliingii labda ulisimamishe, na nani atakubali baba yake asimamishwe? Watoto walitaka aoshwe nyumbani, ila bafu lenyewe mtu mzima akiingia anaoga ubavuubavu. Ikaamuliwa ateremshwe kwa ngazi, akaoshwe msikitini.

Nilishika upande wa miguu. Ngazi zile zina kona mbili kila ghorofa, na kila kona tulisimama: wa mbele wanainama, wa nyuma wanalinyanyua jeneza juu ya ukingo, kijana wa marehemu anasema "taratibu, taratibu jamani", utadhani baba yake anaweza kuumia. Ghorofa ya tatu taa imeungua siku nyingi, mtu akamulika na simu. Ghorofa ya kwanza ni stoo. Maboksi ya masufuria yalikuwa yamejaa hadi kwenye ngazi, tukasubiri na jeneza mabegani mpaka vijana wakayasogeza. Tukatokea mtaani tumelowa jasho, kati ya fremu ya mapazia na fremu ya mabegi, wateja wakatupisha.

Sasa wafiwa wakae wapi? Kina mama walijaa chumbani, sebuleni, kisha wakaanza kukaa kwenye ngazi, mmoja kila kipandio, kuanzia ghorofa ya sita hadi ya nne. Aliyekuja kuhani alipita juu ya magoti ya wenzake, akitoa pole huku akiomba radhi. Sisi wanaume tulipanga viti vya plastiki ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mtu. Mwenye duka alivumilia hadi saa tano. Akaja kwa heshima zote: "Samahani wazee wangu, poleni sana, ila mzigo wangu unashuka." Simlaumu. Analipa kodi, na kabla ya kodi alishalipa kilemba cha kupewa fremu, pesa ambayo mimi sijawahi kuishika kwa mpigo. Tukahamisha viti. Guta likapita, bodaboda zikapita, msiba ukawa umegawanyika vipande vitatu mtaa mzima, na kila kipande hakijui kingine kinaendeleaje. Chakula kililetwa kwenye vifuko, kwa sababu msimamizi wa jengo haruhusu kuni wala mkaa, na hapo alikuwa na haki.

Kiwanja hichohicho ndicho kilichokuwa na nyumba yetu.

Aliyekulia uswahilini hahitaji kuchorewa. Vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati umenyooka kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, halafu uani: jiko, choo, bafu, banda la kuongezea wapangaji, mwembe ukibahatika. Mbele baraza. Paa la mabati lililoshika kutu hadi likawa rangi ya udongo. Mimi nilidhani nyumba ile ni ya kimaskini tu, jambo la kuvumilia mpaka mtu apate uwezo. Nimekuja kuielewa baada ya kubomolewa, na nimeielewa siku ile nikiwa nimeshika miguu ya jeneza.

Bibi alipofariki, nikiwa darasa la tano, sikumbuki mtu yeyote kuuliza nani akae wapi. Nyumba ilijipanga yenyewe. Wapangaji wa vyumba vya mbele walitoa vitanda bila kuambiwa. Mikeka ikatandikwa ukumbini, kina mama wakaanzia mlangoni hadi uani. Wanaume barazani, na baraza lilipojaa, turubai likavutwa kutoka kwenye paa letu hadi kwenye paa la jirani wa ng'ambo, barabara ikafungwa, na aliyekuja na gari alirudi nyuma mwenyewe. Uani wakachimba ufuo, bibi akaoshwa pale alipokuwa akifulia, maji yake yakaingia ardhini kwake. Akatoka kwa mlango wa mbele, moja kwa moja, hakuna kona. Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili kwa hakika umenyooka hivyo kwa ajili ya upepo, lakini jeneza nalo linapita vizuri sana.

Tusidanganyane, sitaki mtu adhani nalilia umaskini. Choo kimoja watu ishirini na tatu. Asubuhi unapanga foleni umeshika kopo, na mwenye kopo la bluu anaruka foleni kwa sababu ni mwenye nyumba. Mvua za masika zikipiga, uani pakawa bwawa, na kilichoelea ndani yake nakihifadhi. Leo nina choo changu, LUKU yangu, mlango wangu, na nikiufunga hakuna anayejua nimekula nini. Sirudi. Ukiniambia nirudi nitakuuliza wewe unakaa wapi.

Wala hatukunyang'anywa. Hili watu wanapenda kulisahau wanapowatupia lawama matajiri. Babu aliacha nyumba moja na warithi kumi na mmoja. Huwezi kugawa vyumba sita kwa watu kumi na mmoja, watatu wao hawasalimiani. Akaja dalali, nyuma ya dalali akaja mwekezaji: yeye anajenga, sisi tunatoa kiwanja, tunapata nyumba mbili za juu na fremu moja. Waliotaka pesa wakachukua pesa wakahamia Mbagala na Chanika. Shangazi na sisi tukabaki juu. Tingatinga lilimaliza kazi kwa siku moja na nusu. Mlango wa mbele uliuzwa kando, na hadi leo katika familia kuna ubishi kuhusu nani alikula ile pesa.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba maghorofa yasijengwe. Ni ndogo na ya ukaidi zaidi: kwa nini mchoraji anakumbuka mahali pa kuweka gari na hakumbuki mahali pa kuweka msiba? Kwenye mchoro wa jengo letu, chini kabisa pameandikwa maegesho. Nimeuona kwa macho yangu, shangazi ana nakala ndani ya mfuko wa rambo chini ya godoro. Leo yale maegesho ni stoo ya vitenge. Lakini angalau kuna mtu aliyetakiwa kuyachora. Ukumbi wa wakazi hakuna aliyetakiwa hata kuuchora kwa kudanganya.

Na si kwamba mji huu haujawahi kuwa na wachoraji wanaojua watu wanaishi vipi. Jina lenyewe Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na mitaa imenyooka kwa rula tangu enzi za wakoloni. Lakini soko la katikati alilichora Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Yale mapaa ya zege yaliyofunguka kama miavuli iliyogeuzwa yaliacha upepo upite na mwanga uingie, na watu wakashuka hadi shimoni kwenda kutafuta vitunguu. Nikiwa mdogo nilikuwa nasimama pale ndani saa saba mchana na hali ya hewa ni ya kivuli cha mti. Liliungua Julai 2021. Kuna mchoraji hapo alianza kwa kujiuliza mama akija na kikapu atasimama wapi. Jengo letu lilianza na swali la fremu ngapi zitaingia mbele.

Maghorofa yetu huzungumzwa yanapoanguka tu. Machi 2013 lilianguka la Mtaa wa Indira Gandhi, likiwa bado linajengwa, wakafa watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka moja hapahapa Kariakoo, saa za biashara, watu wamo ndani, na zaidi ya 20 walikufa. Siku zile mtaa mzima ulijua kuhusu nondo na zege, hata muuza karanga alikuwa mhandisi. Ni sawa, jengo kwanza lisimame. Lakini baada ya kusimama halijamaliza kazi. Mle ndani watu wataoa, watajifungua, watagombana, watakufa. Nyumba ya udongo na fito ilikuwa na nafasi ya hayo yote, na ilijengwa na fundi asiyekuwa na cheti.

Utaniambia ardhi ya Kariakoo ni ghali mno kuiacha wazi, kila futi ni hela. Nimeisikia hiyo. Mimi sikuombi uwanja. Paa la jengo letu liko tupu, lina matangi mawili ya maji na dishi tatu, na limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo anao mtu mmoja ambaye siku ya msiba hakupatikana. Liezekwe bati, liwekwe bomba na mkeka, kina mama hawakai tena kwenye ngazi. Lifti moja iwe ndefu kiasi cha kupokea kitanda. Hiyo ingemfaa hata mgonjwa kabla hajawa maiti, maana na wagonjwa tunawateremsha kwa kiti cha plastiki. Haya yangeweza kuingia kwenye kibali cha ujenzi kama yanavyoingia maegesho. Pale Magomeni Kota, ambako Serikali ilijenga maghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zimebomolewa nyumba zao, na zikaanza kuishi humo mwaka 2022, nimewahi kwenda kuhani. Majengo yameachiana nafasi, turubai likafungwa chini, tukakaa pamoja, nikala pilau ya sufuria. Ni maghorofa vilevile.

Kuna jirani yangu kijana, anauza vipuri vya simu, aliniambia haya ni mawazo ya kizee. Siku hizi, alisema, misiba inafanywa kwa ndugu mwenye uwanja, au ukumbi unakodiwa, kundi la WhatsApp linachangishwa, mambo yanakwisha. Ni kweli, ndivyo inavyofanyika. Nikamuuliza jina la mzee wa ghorofa ya sita. Hakulijua, na wameishi jengo moja miaka minne. Halafu nami akaniuliza jina la mama wa ghorofa ya tano, yule mwenye mapacha. Nikanyamaza.

Shangazi yangu hakungoja mtu yeyote abadilishe kibali. Sehemu yake ya kodi ya fremu ameiweka miaka mitatu, amenunua kiwanja Chanika. Tulidhani anajenga nyumba ya kupangisha. Mwezi uliopita alitupeleka kuona. Amepiga ukuta wa tofali kuzunguka, ameweka geti pana la milango miwili, amevuta maji, kuna koki moja kando ya mwembe mkubwa alioukuta. Ndani hakuna chumba hata kimoja.

"Nyumba je, shangazi?"

"Nyumba mtajenga nyinyi mkitaka," alisema, huku anapima geti kwa mikono aliyoitanua, upande mmoja hadi mwingine.