Graceland: Paul Simon alikosea wapi hasa?

Ukitaka kuwagombanisha wapenzi wa muziki waliokula chumvi nyingi, piga albamu ya Graceland kisha uulize kama Paul Simon, mwimbaji wa Marekani, alikuwa na haki ya kuirekodi. Albamu hiyo ilitoka Agosti 1986, miaka mitatu baada ya albamu yake ya Hearts and Bones kudoda sokoni. Iliuza nakala zaidi ya milioni 10 na kubeba tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Ugomvi ulianzia Johannesburg, Februari 1985. Simon, akiwa amenaswa na kaseti ya muziki wa Soweto, alikwenda kurekodi na wanamuziki wa huko, kina Ray Phiri, Bakithi Kumalo na Isaac Mtshali, ilhali tangu 1980 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiwataka wasanii waisusie Afrika Kusini ya Makaburu. Harry Belafonte, mwimbaji na mwanaharakati wa Marekani, alimshauri azungumze kwanza na ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Hakuzungumza nao.

Watetezi wake wana hoja nzito. Hakwenda kuwatumbuiza matajiri wa Sun City, hoteli ya anasa na kamari ya huko. Aliwalipa wanamuziki mara tatu ya kiwango cha New York, na kwa maelezo yake wanamuziki weusi wenyewe walipiga kura aje. Miriam Makeba na Hugh Masekela, wanamuziki wa Afrika Kusini walioishi uhamishoni kwa sababu ya utawala uleule, walipanda naye jukwaani mwaka 1987, Harare ikiwemo.

Wanamuziki wa Uingereza Jerry Dammers, Billy Bragg na Paul Weller hawakuridhika. Walimtaka aombe radhi. Kila msanii akijipa ruhusa yake, kususia kunabaki jina tu. Hapo nawaunga mkono. Msomaji wa Tanzania, nchi iliyowapa ANC ardhi ya shule pale Mazimbu, Morogoro, anajua chama kile hakikuwa ofisi ya kugonga mihuri. Simlaumu Simon kwa kwenda. Namlaumu kwa kuingia bila hodi.

Wengine walimlaumu pia kwa kutoushambulia ubaguzi waziwazi katika mashairi. Hilo silioni kosa. Angeandika kaulimbiu, leo tungeshazisahau.

Kinachonisumbua zaidi ni haki ya utunzi. Kwa kawaida mtunzi huja na wimbo, bendi ikaupamba. Simon alianza na bendi: walipiga, akabeba kanda hadi New York, akazikata na kuziunga, ndipo akatunga maneno juu yake. Sasa wimbo ni wa nani? Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo, kwaya ya Afrika Kusini, ametajwa kama mtunzi mwenza wa Homeless, na Forere Motloheloa, mpiga kodiani kutoka Lesotho, katika The Boy in the Bubble. Lakini You Can Call Me Al, ambao besi ya Kumalo watu huiimba kwa mdomo, una jina la Simon peke yake. Hata Los Lobos, bendi ya Marekani, walidai wimbo wa mwisho wa albamu ulianzia kwao. Simon akajibu kwamba malalamiko yalikuja albamu ilipokwisha kuvuma.

Ladysmith walifaidika, hilo halina ubishi: mwaka 1987 Simon aliwatayarishia albamu ya Shaka Zulu, nayo ikawapa Grammy. Ila redio inapopiga wimbo, mrabaha wa utunzi humfuata aliyeandikwa kuwa mtunzi, na kwenye wimbo uliovuma kuliko yote Kumalo hakuandikwa.