Nyuma ya maiki kuna nani?

Kila baada ya muda mtangazaji fulani wa mashindano ya gemu za kompyuta anaropoka kuhusu watu wa taifa fulani, klipu inasambaa, na ubishi unakuwa ule ule wa siku zote. Kambi moja inataka afukuzwe leo hii, nyingine inasema ulikuwa utani tu na watu siku hizi wamekuwa laini mno. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi ng'ambo tunakaa vibaya katika ubishi huu, maana tumetoka mahali ambapo kumsema mtu wa nchi jirani ni burudani ya jioni, na tunaishi mahali ambapo zamu ya kusemwa ni yetu.

Kubishana kama mtangazaji ana chuki moyoni ni kazi bure. Hakuna anayeuona moyo wake, na hata angeuona, matangazo yajayo yangebaki vilevile. Watu wa huku hawatushindi ustaarabu hata chembe. Wanachotushinda ni kwamba nyuma ya maiki zao kuna watu na kuna karatasi.

Tazama dawati la mashindano makubwa. Watangazaji ni wawili: mmoja anafuata mchezo pigo kwa pigo, mwenzake anachambua. Sikioni wanamsikia prodyuza. Mezani kuna kisanduku chenye kitufe cha kuzima maiki kwa muda, kilichowekwa kwa ajili ya kukohoa na kunywa maji. Kando yupo anayeongoza kamera ndani ya gemu, yupo wa takwimu, yupo wa marudio. Kwenye mashindano ya kimataifa hao mara nyingi huwa wametoka nchi tofauti, na hilo linafanya kazi kubwa kuliko semina yoyote ya maadili. Ukitaka kuwakejeli Wafilipino, unajua mmoja wao anakusikiliza kwenye hedifoni sasa hivi na mtakula pamoja baada ya mechi.

Nyumbani mtangazaji ni mmoja. Yeye ndiye prodyuza, ndiye anayesoma gumzo la watazamaji, na mara nyingi ndiye aliyelipia bando. Anayesemwa hayupo chumbani. Kwa hiyo neno likitoka hakuna wa kumkanyaga mguu chini ya meza, na wanaomjibu ni watazamaji wanaocheka. Hapo ndipo hoja ya utani inapokufa: utani unahitaji watu wawili, kila mmoja na zamu yake ya kujibu. Anayetaniwa na mtu mwenye maiki hana zamu.

Usidhani kuwa huku mambo ni shwari. Mwaka 2014, mashindano ya dunia ya gemu ya League of Legends yalipoanzia Taiwan, mchezaji wa timu ya SK Gaming, Dennis "Svenskeren" Johnsen, alijipa kwenye seva ya huko jina la kuwakejeli wenyeji wake. Alifungiwa mechi tatu za mwanzo na kutozwa dola 2,500. Mwisho wa 2018 ikaja kesi ya gemu ya Dota 2 ambayo kila anayeendesha matangazo angepaswa kuijua. Wachezaji wawili kutoka Ufilipino, kila mmoja kwa wakati wake, waliandika maneno ya kuibeza lugha ya Kichina kwenye gumzo la ndani ya gemu. Mmoja wao, Carlo "Kuku" Palad wa timu ya TNC Predator, hakuwa hata kwenye mechi rasmi. Ilikuwa mechi ya kawaida ya mtandaoni. Wachina walikasirika kwelikweli, kwa kuwa mashindano makubwa yaliyofuata yalikuwa kwenye mji wa Chongqing, Uchina, Januari 2019.

Adhabu yenyewe ndiyo yenye somo. Valve, kampuni inayomiliki Dota 2, walitangaza kwamba Kuku hatakiwi Chongqing, na timu yake ikakatwa asilimia 20 ya pointi zake za msimu. Pointi hizo hazikukatwa kwa sababu ya neno lenyewe. Zilikatwa kwa sababu ya namna timu ilivyolishughulikia jambo lile, likiwemo suala la kuficha ushahidi. Kwa wanaosema mtu anachoandika kwenye muda wake ni shauri lake, jibu lilishatolewa pale.

Ila mimi siipigii makofi kesi ile bila kusita. Ilichukuliwa kwa uzito kwa sababu Uchina ni soko, na ukumbi wa mashindano ulikuwa Uchina. Mei 2016 Terrence Miller, Mmarekani mweusi, alifika fainali ya gemu ya karata ya Hearthstone kwenye mashindano ya DreamHack Austin, Marekani, huku gumzo la Twitch, jukwaa la kurushia gemu mtandaoni, likimwaga matusi ya rangi mbele ya ulimwengu mzima, na wasimamizi wakazidiwa. Machi 2018 ligi ya gemu ya Overwatch ilimtoza mchezaji Félix "xQc" Lengyel dola 4,000 na kumfungia mechi nne, kosa mojawapo likiwa kutumia kwa kejeli ya rangi kijipicha cha uso wa mtu mweusi kwenye gumzo la matangazo ya ligi. Hilo lilichukuliwa hatua kwa sababu sheria ilikuwa imeandikwa na mchezaji alikuwa na mkataba. Pasipo mkataba, Mwafrika anayetukanwa anabaki na watetezi wake mtandaoni, basi.

Kuna pia kusemwa kusiko na tusi ndani yake, na hapa watangazaji wa huku wana makosa kuliko wanavyokubali. Wakorea "ni mashine", Wabrazili "wana fujo", Waasia wa Kusini-Mashariki "wanacheza sarakasi". Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat ilichambua maneno ya watangazaji katika mechi 80 za mpira wa miguu za ligi kuu nne za Ulaya, ikakuta wachezaji weupe wakisifiwa zaidi kwa akili na weusi zaidi kwa nguvu na kasi. Gemu zina mtindo huo huo, tofauti ni kwamba nafasi ya nguvu na kasi imechukuliwa na "nidhamu".

Mchezaji anayecheza kutoka Afrika Mashariki kwenye seva ya Ulaya analipia umbali kwa kila amri anayotuma, na mara nyingi safari ya kwenda na kurudi hupita milisekunde 100. Chukua 150. Gemu ikiwa na fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 17, kwa hiyo amri yake imechelewa fremu tisa. Kwenye Dota, pigo la mwisho la kumuua mnyama wa ndani ya gemu linakuwa la mpinzani. Kwenye gemu ya ngumi, pigo la chini ambalo mtu wa kawaida angelikinga linampata kabla mkono haujafika. Mtangazaji asiyetazama namba ya ping, yaani ya huko kuchelewa, kwenye skrini anasema "hawa jamaa hawana umakini". Kosa la waya wa intaneti wa baharini limeshakuwa tabia ya taifa, na hakuna atakayekata klipu kwa sababu hakuna tusi. Arslan Ash wa Pakistani alitwaa mashindano ya gemu za ngumi ya EVO Japan na EVO ya Marekani mwaka mmoja, 2019, kwenye Tekken 7, akitokea nchi ambayo kabla yake wachambuzi wengi hawakuwahi kuitaja. Viza zilikuwa kikwazo kikubwa kuliko vidole vyake.

Hatari ya upande wa pili ipo, na ni bora kuisema kabla mtu hajakimbilia kuandika kanuni kali. Oktoba 2019 mchezaji wa Hearthstone kutoka Hong Kong, Blitzchung, alitamka kaulimbiu ya waandamanaji kwenye mahojiano baada ya mechi. Blizzard, kampuni yenye gemu hiyo, walimfungia mwaka mzima, wakamnyang'anya zawadi, na wakaachana na watangazaji wawili waliokuwa wakimhoji. Baada ya kelele, adhabu ilipunguzwa kuwa miezi sita kwa wote na zawadi ikarudishwa. Kanuni iliyotumika ilikuwa pana kiasi cha kumeza chochote kinachoudhi sehemu ya umma. Kuibeza lugha ya watu na kuipinga serikali ni mambo mawili, na kanuni isiyoyatenganisha itaishia kuwalinda wakubwa. Nyumbani tunajua vizuri kanuni za namna hiyo zinavyotumika.

Sasa, nyumbani kifanyike nini na vifaa tulivyo navyo?

La kwanza ni ucheleweshaji, na hapa watu wengi wanachanganya mambo. Ule ucheleweshaji wa dakika kadhaa wa mashindano umewekwa ili timu zisichungulie matangazo na kuona mpinzani yuko wapi. Haumsaidii mtangazaji kitu, kwa kuwa yeye anazungumza juu ya picha iliyokwisha kucheleweshwa na sauti yake inatoka papo hapo. Unachohitaji ni ucheleweshaji wa matangazo yenyewe. Kwenye OBS, programu ya kurushia matangazo, fungua mipangilio, ukurasa wa Advanced, washa Stream Delay, weka sekunde 20. Kwa matangazo ya kilobiti 3,000 kwa sekunde hiyo ni kama megabaiti 7.5 tu za kumbukumbu, kompyuta ya kawaida haitaona tofauti. Neno likitoka, simamisha matangazo kwa kuchagua kutupa kilichochelewa, siyo kusimamisha kwa kawaida, maana kusimamisha kwa kawaida kunamalizia kwanza kutuma kilichobaki, na tusi linafika. Rekodi ya kwenye diski haiguswi, iache iendelee, mtaihitaji.

Kinachoharibika hapa ni kile kile kila mara. Kitufe cha kusimamisha matangazo anacho mtangazaji mwenyewe, ana jazba ya fainali, na sekunde 20 zinaisha kabla hajatambua alichosema. Au kitufe anacho mtu wa pili, lakini anatazama matangazo kwenye simu yake kama mtazamaji mwingine. Anayosikia yeye yameshatoka. Mtu wa kitufe lazima asikie sauti moja kwa moja kutoka kwenye maiki, hata kwa waya wa spika za masikioni za simu. Gharama ni kwamba gumzo litakujibu kwa kuchelewa, na mtangazaji anayeishi kwa kupiga soga na watazamaji atalalamika. Mwache alalamike.

Orodha ya maneno ya kuzuia kwenye gumzo itabidi muiandike wenyewe, usitegemee kichujio cha jukwaa kijue matusi ya Kiswahili wala ya mtaani. Andikeni kila neno na sura zake: herufi zilizogeuzwa namba, zilizorudiwa, zilizotenganishwa kwa nafasi. Msizuie jina la taifa lenyewe. Kuna walioifanya kanuni hiyo, na matokeo yake raia wa nchi hiyo wakashindwa kuandika wanatoka wapi. Fainali ikianza, punguzeni kasi ya gumzo hadi ujumbe mmoja kila sekunde 30.

Kabla ya mechi, ombeni kila mchezaji atume sauti fupi akitaja jina lake mwenyewe. Kazi ya dakika tano, na inaondoa nusu ya kejeli, kwa sababu nyingi huanza na jina lililomshinda mtangazaji ulimi akaamua kulicheza.

Kuomba radhi kuna namna yake. Kufanyike kwenye matangazo yale yale ikiwezekana, muwataje waliosemwa, na neno "kama" lisiwemo. "Kama kuna aliyekwazika" huwarushia kosa wasikilizaji. Msifute rekodi kimyakimya: klipu za Twitch hazizidi sekunde 60, na mkifuta rekodi nzima, sekunde hizo za adui zenu ndizo zitakazobaki kuwa ushahidi pekee.

Mkataba ndio mgumu kuliko yote, maana wengi wetu tunafanya kazi kwa kujuana. Ukurasa mmoja unatosha: nini hakisemwi, kama akaunti binafsi zinahesabika, nani anaamua, malipo gani yanakatwa, na mtangazaji anakata rufaa kwa nani ndani ya siku ngapi. Kipengele cha rufaa kisirukwe. Hata huku watangazaji wengi ni vibarua wa tukio kwa tukio. Mwaka 2016 mtangazaji James "2GD" Harding aliondolewa katikati ya mashindano ya Dota 2 ya Shanghai, na bosi wa Valve akamwita jina baya mbele ya watu wote mtandaoni. Ulikuwa uamuzi uliotoka juu, bila ngazi wala pa kuuliza, na hakuna sababu ya sisi kuuagiza nyumbani kama mfano wa kisasa. Na kama mwandaaji hana fedha za kumlipa mtu wa kukaa na kitufe, basi nembo ya mdhamini isiwekwe kwenye skrini hadi apatikane, maana mdhamini ndiye wa kwanza kupigiwa simu klipu ikisambaa, na ndiye mwenye uwezo wa kumlipa mtu huyo.