Ada za Mkopo wa Nyumba: Uliza Ni Asilimia ya Nini

Afisa mikopo akikwambia, "Hiyo ada usihangaike nayo, tutaiingiza humo humo kwenye mkopo," chukua kikokotoo kwanza. Tuseme umekopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, miaka 20, na ada ya kuandaa mkopo ni asilimia 2. Hiyo ni milioni 2. Ukiilipa taslimu, yameisha. Ikiingizwa kwenye mkopo, rejesho lako linapanda kwa takriban 22,000 kila mwezi, na kufikia mwezi wa 240 ada hiyo imekugharimu karibu milioni 5.3. Ada ni ile ile, ila sasa nayo inazaa riba.

Watu hubishana sana kuhusu kiwango cha riba, na si vibaya. Lakini "asilimia ngapi?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili, ambayo naona ndiyo inayoumiza wengi zaidi, ni "asilimia ya nini?"

Anza na riba yenyewe. Kuna riba inayopungua, inayokokotolewa juu ya deni lililobaki, na kuna isiyopungua, inayokokotolewa juu ya kiasi ulichokopa mwanzo hata kama umeshalipa zaidi ya nusu. Kwa mkopo wetu wa milioni 100, riba inayopungua inaleta rejesho la 1,101,086 kwa mwezi. Riba isiyopungua, kwa asilimia 12 hiyo hiyo, inaleta 1,416,667. Jumla ya kwanza ni kama milioni 264, ya pili milioni 340. Kwenye tangazo zote mbili zimeandikwa "12%".

Hata hiyo ya kwanza ina mambo yake. Omba jedwali la marejesho uangalie mstari wa mwezi wa kwanza: katika ile 1,101,086, riba ni 1,000,000 kamili, na deni la msingi, yaani kile ulichokopa chenyewe bila riba, linapungua kwa 101,086 tu. Baada ya miaka 10, nusu ya safari, bado unadaiwa kama milioni 76.7. Hapo hujaibiwa. Riba hukatwa kwanza, na mwanzoni deni ni kubwa. Ila ukilijua hilo, unajua pia pa kupiga. Ukilipa 1,200,000 badala ya 1,101,086 tangu mwezi wa kwanza, mkopo wa miaka 20 unaisha kwa miaka 15 hivi, na unaokoa takriban milioni 48.

Sharti ni moja: nyongeza ipunguze deni la msingi. Wapo wakopeshaji ambao mfumo wao hupokea pesa ya ziada kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, ikakaa pale bila kupunguza riba hata senti. Kwa hiyo toa maelekezo kwa maandishi, kisha mwezi unaofuata angalia taarifa ya mkopo. Kama deni la msingi limeshuka kwa kiasi cha kawaida tu, nyongeza yako imelala mahali. Soma pia kifungu cha kulipa kabla ya muda. Mikataba mingine hutoza ada kwa malipo ya ziada, mingine hutoza pale tu unapofunga mkopo wote, na mingine huacha kutoza baada ya miaka michache ya mwanzo.

Faini ya kuchelewa ndiyo sentensi fupi yenye sumu kuliko zote. "Asilimia 2 ya kiasi kilichochelewa" ni kama 22,000 kwa rejesho moja. "Asilimia 2 ya deni lililobaki", ukiwa katika mwaka wa kumi, ni zaidi ya milioni 1.5. Sentensi ya pili haistahili kutiwa saini na mtu yeyote, na kabla hujasaini una nguvu ya kuomba ibadilishwe. Baada ya hapo utabaki kuomba huruma.

Bima nazo zina ugonjwa huo huo. Bima inayolipa deni mkopaji akifariki inapaswa kufuata deni linavyopungua. Kama ada yake kila mwaka inapigwa juu ya kiasi cha mwanzo, unalipia kinga ya deni ambalo halipo tena. Bima ya jengo ni tofauti: hiyo ifuate gharama ya kulijenga upya, si bei ya soko pamoja na kiwanja, maana ardhi haiungui. Ila usibane kupita kiasi. Ukikata bima ya nusu ya thamani ya jengo, kwa mikataba mingi utafidiwa nusu ya hasara, hata kama kilichoungua ni jiko peke yake.

Mthamini, wakili, ushuru na usajili wa rehani havina mafumbo mengi: uliza kiasi, uliza kinalipwa lini, dai risiti. Kumbuka tu kwamba wakili anayeandaa rehani kwa kawaida anamtumikia mkopeshaji hata kama bili unalipa wewe, na kwamba ada ya uthamini hairudi mkopo ukikataliwa. Kwa dalali, andikeni mapema nani anamlipa na kamisheni inaiva siku gani: siku mnunuzi anapopatikana, au siku mauzo yanapokamilika?

Ukifikiria kuhamisha mkopo kwa mkopeshaji mwenye riba nafuu, jumlisha gharama zote za kuhama, kuanzia ada ya kufunga mkopo wa zamani hadi usajili mpya, ugawe kwa kile unachookoa kila mwezi. Gharama ya milioni 3 kwa akiba ya 60,000 inahitaji miezi 50 kujirudisha. Na hakikisha akiba hiyo haitokani na mkopo kuongezewa miaka bila wewe kujua.

Mwisho wa mkopo nao una ada yake, ya kufuta rehani, na wengi huisahau kwa furaha ya kumaliza. Omba taarifa ya deni la kufunga yenye tarehe, kwa sababu riba huhesabiwa kila siku na salio la jana halifungi mkopo leo. Ukishalipa, chukua barua ya kumaliza deni, hatimiliki halisi na hati ya kufuta rehani iliyosainiwa na mkopeshaji. Kisha, baada ya wiki chache, nenda ofisi ya usajili wa ardhi ukafanye upekuzi, yaani uangalie daftari linasema nini kuhusu nyumba yako. Rehani ikiwa bado imeandikwa kwenye daftari, hutaweza kuuza kwa urahisi wala kukopea nyumba hiyo, hata kama salio lako ni sifuri.